Koti la Mzee Pwemori

Andika, mjukuu wangu, na uandike nisemavyo, si udhaniavyo. Baba yangu alikuwa Sefu bin Ramadhani, mzaliwa wa Gisenyi, mtaa wa Majengo, mtoto wa mchuuzi wa chumvi na vitambaa. Mama yangu alikuwa Mwanaidi binti Shabani, mzaliwa wa Ujiji, aliyeletwa huku kwa ndoa pamoja na sufuria zake, mkeka wake na Kiswahili chake kilichonyooka, wala hakuna alichokipoteza njiani. Mimi nilizaliwa Mudende, juu kwenye baridi, katika nyumba ya dereva wa shamba la viazi. Shule niliiona kwa nje tu. Kusema vizuri nilifundishwa na Mama, ambaye mtoto akisema vibaya hakumchapa. Alimnyima chakula mpaka akiombe kwa maneno yaliyo sawa. Ndiyo sababu mimi, nisiyejua kuandika jina langu, ninakusahihisha wewe uliyesoma.

Wiki iliyopita tulimzika shangazi yangu Zaituni. Matangani nilikaa kimya, kama impasavyo mtu wa umri wangu, nikawasikiliza mkisimulia jinsi alivyoolewa. Mmoja alisema mumewe alivunjwa mkono na trekta. Mwingine alisema, hapana, aliliwasha kwa mkono mmoja huku akicheka. Akaja mwingine tena, ambaye simtaji kwa kuwa ni baba yako, akasema palikuwa na mzee mkorofi aliyeizuia ndoa mpaka akashonewa koti. Huyo ndiye aliyeukaribia ukweli, naye ndiye aliyekosea kuliko wote. Kisha leo asubuhi kijana wa pikipiki amemwaga petroli hapo uani, na harufu imenifikia kitandani kabla sijafumbua macho: petroli, udongo mweusi uliolowa, na moshi wa kuni za mkaratusi. Nikasema moyoni, nisiposema mimi, hakuna aliyebaki wa kusema. Kaa vizuri. Usiandike ukiwa umejikunja kama paka.

Trekta la shambani lilikuwa kuukuu hata zamani hizo. Lilikuwa jekundu siku za ujana wake. Mimi nililikuta na rangi ya figo. Halikuwa na ufunguo wala kitufe. Liliamshwa kwa manivela, nacho ni chuma kilichopindwa mara mbili, mfano wa mguu wa mbuzi, kinachochomekwa puani mwa trekta, chini kabisa, kisha huzungushwa kwa nguvu za mtu mpaka injini ikohoe. Ikikohoa vyema, inawaka. Lakini kuna siku injini hukataa, na badala ya kwenda mbele hurudi nyuma ghafla. Hapo manivela hugeuka kinyume kwa nguvu ya farasi, na mkono ulioing'ang'ania huenda nayo. Mafundi walisema, “imerudisha.” Lilimrudishia dereva aliyemtangulia baba yangu, mtu mmoja jina lake Batista, na mfupa wake ukaunga vibaya, hata ukimwuliza njia ya kwenda Nyundo, mkono wake ulionyesha Kanzenze.

Kwa hiyo Baba hakuligusa trekta ila kwa taratibu. Alikuwa mtu mfupi, mpana, asiyecheka. Watu walidhani ana hasira, kumbe alikuwa anafikiri. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta ya viazi, tulimsikia akijiuliza na kujijibu mwenyewe, kama mtu asomaye dua, akimalizia kwa “bon,” yaani vyema:

“Bismillahi. Jiwe iko? Iko. Pwemori iko? Iko. Mutu mbele? Hakuna. Bon.”

Na Mama, jikoni, bila kuacha kupuliza moto, alimsahihisha: “Jiwe lipo, Sefu. Lipo.”

“Mwanaidi,” Baba alijibu kutoka kwenye ukungu, “trekta haisikie Kiujiji.”

Jiwe nililijua, kwa kuwa nililiona: ni mawe yetu haya meusi ya volkano, yaliyowekwa mbele na nyuma ya magurudumu ili trekta lisimfuate anayeliamsha. Pwemori sikumwona. Watoto tulikatazwa kukikaribia kibanda cha trekta, na katazo la Baba halikuwa la kujaribiwa. Lakini masikio hayakatazwi, nami niliyasikia maneno aliyowaambia vibarua. Aliwaambia, “Pwemori kwanza, mengine nyuma.” Aliwaambia, “Hata mwenye shamba, mbele ya Pwemori ni mutoto.” Na siku aliyokasirika sana aliwaambia, “Musiguse kitu kama Pwemori haiko! Pwemori ikitoka, tunakufa wote!”

Sasa nakuuliza wewe mwenye vyeti, mtoto mwenye akili timamu angeelewa nini? Nilielewa kwamba katika kibanda kile anakaa mzee mwenye cheo kikubwa, na kwamba ruhusa yake hutakiwa kabla ya kazi yoyote. Kama ni Mama aliyekuwa akisema, ningesikia “yupo” au “ipo”, nikajua kama ni mtu au ni kitu. Lakini kwa Baba, kama kwa mji mzima wa Gisenyi, mtu iko, mbuzi iko, mvua iko, na viazi iko. Nyinyi mliosoma mnaliita jambo hili ngeli. Sisi hatukuwa na jina lake, tulikuwa na hasara yake tu.

Nilimwuliza Baba mara moja, siku alipokuwa ananawa mikono na uso wake umetulia. “Baba, Pwemori anafananaje?”

Alifurahi kwamba mtoto anauliza jambo la maana. “Murefu,” alisema. “Mwembamba. Kichwa ya mviringo, nyeusi. Inasimama katikati, haiegemee huku wala huku.”

“Ana nguvu?”

“Nguvu ya nini? Mi namushika na mukono moja.”

Nikamhurumia. Nikajua kwamba mzee huyo amekondeshwa na maradhi, na kwamba ndiyo sababu hatoki nje kwenye baridi. Tangu siku ile, kila nilipopita mbali na kibanda, nilipiga goti na kusema “shikamoo.” Hakuitikia kamwe. Niliona kwamba hiyo ni haki ya wakubwa.

Shangazi Zaituni alikuwa dada wa pekee wa Baba. Wazazi wao walipofariki, Baba ndiye aliyemlea, kwa hiyo Baba ndiye aliyekuwa na neno la kumwoza. Naye Shangazi alikwisha kumchagua Hamadi, fundi cherehani wa Majengo, mtu mwembamba, mpole, mwenye pini midomoni hata anaposalimia. Baba hakutaka kusikia. “Mutu anakaa kutwa kama kuku inalalia mayai,” alisema. “Mukono ya sindano haiwezi kushika nyumba.” Na mtu mwingine alikwisha kujitokeza: mchuuzi wa ng'ombe aliyefiwa na mke, mwenye sauti iliyozoea kuwaita wanyama walio bonde la pili. Huyo alimwita Shangazi “we wa viazi,” maana hakuwahi kujifunza jina lake. Baba alimwambia aje kulipokea jibu mavuno yatakapokwisha, na sote tulijua ni jibu gani.

Mavuno yalikuwa yanakwisha. Shangazi alichimba viazi kwa uvivu ambao sijauona tena duniani. Akifukua kimoja, alikiangalia kama mtu anayekisihi kirudi ardhini.

Siku ya soko tuliteremka Gisenyi, mimi na yeye, kushonesha gauni langu la sikukuu. Barazani kwa Fundi Hamadi palinukia mafuta ya cherehani na kitambaa kipya. Walizungumza kwa adabu mbele yangu, yeye akisema “fundi,” huyu akisema “dada.” Kisha Shangazi alikwenda kununua chumvi, na Fundi akanipima mabega huku akiniuliza kwa sauti ya chini.

“We mutoto, nisaidie. Pale kwenu, mutu akiwa na neno kubwa, anaanzaka na nani? Mama yako?”

“Mama hasikilizi Kiswahili kama hiki.”

“Donc basi ni baba yako moja kwa moja.”

“Baba mwenyewe huanza na Pwemori,” nikamwambia. “Husema kila siku: Pwemori kwanza.”

Futi ya kitambaa ilisimama shingoni mwangu. “Pwemori ni nani?”

“Mkubwa wa pale. Hata mwenye shamba, mbele yake ni mtoto. Asipokuwepo, hakuna kinachofanyika.”

“Yebaba we!” alisema Fundi, akatoa pini zote mdomoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu. “Na Zaituni hakuniambia! Ni muzee?”

“Ni mzee. Mrefu, mwembamba, kichwa cha mviringo, mweusi. Anaumwa. Baba humshika kwa mkono mmoja.”

“Maskini. Na baridi ya Mudende.” Alikaa akifikiri, kidole kikiwa ndani ya kastabani, akikigonga mezani. “Hii muzee anavaa nini?”

Nilisema kweli. Nilisema sijapata kumwona amevaa nguo yoyote, na kwamba huenda hana. Fundi Hamadi alifumba macho kwa huruma.

Siku alipopanda Mudende ilikuwa asubuhi ya trela la mwisho la viazi. Ukungu ulikuwa mzito; ulisikia mtu kabla ya kumwona. Mama na Shangazi walikuwa kwenye magunia, mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji, na Baba alisimama mbele ya trekta akiwa na manivela mkononi. Akatokea Fundi, amevaa kanzu nyeupe na kofia, kifurushi kwapani, viatu vimeshonwa kwa matope. Shangazi alipomwona aliangusha gunia. Alidhani amekuja kutoroka naye, na baadaye alikiri kwamba alitazama haraka kama kanga yake ilikuwa safi.

Baba alimtazama kwa jicho ambalo lingeua magugu. Lakini Fundi alikuwa amelikariri neno lake kilima chote.

“Asalaam aleikum, mukubwa. Usikasirike. Mi sikuje kwako. Mi najua heshima ya hapa. Pwemori kwanza, we nyuma.”

Baba aliishusha manivela polepole. Miaka yote alikuwa amewaimbia vibarua maneno yale, na hakuna aliyeyashika. Sasa yanatoka kinywani mwa fundi cherehani, kwenye ukungu, bila kuulizwa.

“Rudia,” alisema.

“Pwemori kwanza.”

“Nani alikufundisha?”

“Mutoto wako.”

Baba akageuka, akanitazama. Sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo, nami niliuweka uji chini ili niwe na heshima kamili.

“Bon,” alisema Baba. “Iko. Nimeiacha imesimama katikati.”

“Imesimama?” Fundi alishtuka. “Na ugonjwa hii? Si ikae kidogo?”

“Ikikaa, tunakufa.”

Fundi aliiweka sawa kofia yake. “Donc naomba nimusalimie.”

“Panda. Mushike kichwa, mutikise.”

“Nimushike… kichwa?”

“Na nguvu. Akicheza huku na huku, iko muzuri. Akikataa kucheza, hapo kuna hatari. Mi namutikisa kila asubuhi.”

Mjukuu, nakumbuka uso wa mtu yule. Alikuwa amekuja kuomba mke, na sasa anaambiwa amtikise mgonjwa kichwa. Akasema kwa sauti nyembamba, “Na muzee haikasirike?”

“Kukasirika? We hujui hatari yake? Siku Pwemori haiko mahali pake, na mutu hakuiangalia, anakanyagwa. Mutu, kwisha.”

“Basi,” alisema Fundi, akikifungua kifurushi, “basi nimupe hii mbele, roho yake ipoe.”

Akalikunjua koti. Sijaona koti zuri kuliko lile, wala baya. Lilikuwa la sufu nyeusi, lenye bitana nene ya kuzuia baridi, kola pana na vifungo vya pembe. Refu kama mlango na jembamba kama mwanzi, na mikono yake ilining'inia kama ya mtu anayesubiri kukumbatiwa.

Baba alilitazama koti kutoka kola mpaka pindo. Kisha akamtazama Fundi.

“Hii ya nani?” aliuliza Baba.

“Ya Muzee Pwemori.”

“Muzee nani?”

“Pwemori. Mukubwa wa hapa. Ile inaumwa.”

 Baba alipanda juu ya trekta, akaushika mkono wa gia, ile fimbo ndefu nyembamba yenye kichwa cha mviringo cheusi, akautikisa huku na huku mpaka ukalia tang-tang-tang. “Pwemori,” alisema, “ni hii! Pwemori ni gia haishike kitu! Gia iko bure, magurudumu iko bure! Ikishika gia, injini ikiwaka, trekta inakukanyaga!” Wewe mwenyewe umenieleza kwamba ni Kifaransa, na kwamba maana yake ni pahali palipokufa. Sisi hatukujua. Fundi wa watu alikuwa amemshonea marehemu.

Mama ndiye aliyetangulia kusema. Alisimama na kijiko mkononi, akatangaza kwa ushindi wa miaka mingi: “Nilisema! Nilisema tangu nije nchi hii! Mtu yupo, jiwe lipo, gia ipo! Mngenisikiliza, kitambaa cha watu kisingeharibika!”

Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya viazi, akashika mbavu, akaita “ayii, ayii, mama we!” Kisha, katikati ya kucheka, nilimwona anasimama, na uso wake unabadilika. Alikuwa amefahamu alichopewa kaka yake. Baba hakuwa na kosa la kumtia Fundi isipokuwa kukaa kutwa. Sasa analo la kusimulia Gisenyi nzima. Nani angemlaumu kwa kukataa kumwoza dada yake kwa mtu aliyeishonea gia koti?

Na Baba alikwisha kuteremka. “Fundi,” alisema, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, “rudi mujini. Ng'ombe ya ule mutu itafika kesho.”

Fundi Hamadi alilikunja koti. Alilikunja vizuri, mshono juu ya mshono, kama vile lina mwenyewe. Nilidhani atalia, na naamini hata yeye alidhani hivyo. Lakini aliinua kichwa akasema, “Mukubwa, mi nilikuja kuheshimu mukubwa wa hii nyumba. Kama mukubwa ni chuma, haya, ni chuma. Nionyeshe namna ya kuiheshimu, kisha nitaenda.”

Shangazi alishika mkono wa Mama. “Wifi, atavunjika,” alisema. “Ule mkono ndio cherehani yake.”

“Ni mkono wake,” alijibu Mama. “Mwache aupeleke anakotaka.”

Baba alimpima mtu yule kwa macho. Kisha akampa manivela, na somo lililofuata nitakuambia neno kwa neno, kwa kuwa ndilo lililomwoza Shangazi.

Kwanza alimfungisha kanzu kiunoni, maana nguo inayoning'inia ni mkono wa pili ambao chuma huushika. Akamwonyesha mawe kwenye magurudumu, naye Fundi akainama kuyagusa. Akampandisha amtikise Pwemori mwenyewe, naye Fundi akakishika kile kichwa kwa vidole viwili, kwa adabu, na nilimsikia akinong'ona “samahani.” Baba akashusha kijiti kidogo kinachofanya cheche zichelewe, akasema kwamba moto unaowahi ndio unaorudisha. Akafungua petroli, ambayo trekta lilinyweshwa asubuhi kabla ya kuvumilia mafuta ya taa mchana kutwa, na harufu yake ikatujia sote kwenye baridi, kali na tamu, kama ya kitu kilichokatazwa.

“Sasa simama pembeni, si mbele. Kidevu iko mbali. Chomeka hapa chini. Unavuta juu, tu juu. Usisukume chini hata siku moja. Ukisukuma, ikirudisha, unavunjika kama kuni. Unasikia?”

“Nasikia.”

“Na dole gumba.” Baba aliinua lake, jeusi, nene kama mhogo. “Mutu akishika kitu, dole gumba inakumbatia. Ni tabia yake. Hapa hapana. Hapa ikae upande moja na wenzake. Chuma ikirudi, inateleza kwa vidole, inaenda zake. Dole gumba ikikumbatia, inaenda nayo. Unasikia?”

“Nasikia.”

“Wote wanasemaka nasikia,” alisema Baba, akarudi nyuma.

Fundi aliinama. Alivuta, trekta halikujishughulisha. Alivuta tena, likapiga chafya moja, likatema moshi, likalala. Kofia yake ilikuwa imekaa upande na mdomo wake ulikuwa umekaza kana kwamba ameshika pini ndani. Akakusanya mwili wake wote mwembamba, akavuta kutoka visiginoni.

Likarudisha.

Sauti yake ni kama ya mlango mkubwa unaopigwa na upepo. Manivela iligeuka kinyume, ikachomoka, ikaruka, ikaanguka kwenye matope mbali na miguu ya Mama, ambaye alisema neno ambalo si la Ujiji. Shangazi alifunika uso. Fundi alikuwa amesimama palepale, mkono mbele yake, kiganja wazi, kama mtu anayeaga watu walio chomboni.

Baba alifika kwake kabla moshi haujatoka. Akaushika ule mkono, akaugeuza, akavigusa vidole kimoja kimoja kama mtu anayehesabu watoto baada ya mvua. Vyote vilikuwepo. Dole gumba lilikuwa limelala kando ya wenzake, limenyooka, halina hata mkwaruzo.

“Uliiweka hapa,” alisema Baba.

“Ndiyo, mukubwa.”

“Tangu mwanzo?”

“Si uliniambia?”

Baba aliendelea kuushika ule mkono. Nilimjua baba yangu. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kunamchosha uso. Watu wote aliowafundisha, wenye misuli na wenye majigambo, walisema “nasikia,” kisha wakalikumbatia chuma. Batista alisema “nasikia” kuliko wote. Mtu huyu aliambiwa na mtoto kwamba kuna mzee anasikia baridi, akashona koti. Aliambiwa na mkubwa pa kuweka dole gumba, akaliweka.

“Zaituni,” aliita Baba bila kugeuka.

“Abee, kaka.”

“We unasemaka sana.”

“Ndiyo, kaka.”

“Tangu utoto. Unasema asubuhi, unasema mpaka jua inaingia.”

“Ndiyo, kaka.”

“Hii mutu inasikia.”

Shangazi hakujibu. Ndiyo mara ya pekee ninayoikumbuka.

“Bon,” alisema Baba.

Hiyo ndiyo posa, hilo ndilo jibu, na hiyo ndiyo hotuba yote iliyosemwa. Kisha akaiokota manivela, akaipangusa, akaichomeka mwenyewe na kuvuta juu, na trekta likawaka kwa kishindo. Midomo yake iliendelea kutembea ndani ya kelele. Shangazi aliapa mpaka uzeeni kwamba alikuwa akiwaombea baraka. Mama alisema alikuwa anakohoa moshi. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote wawili, na sikusikia kitu.

Mchuuzi alikuja kesho yake na ng'ombe wake, akarudi nao, na sauti yake tuliisikia mpaka alipovuka kilima. Ndoa ilifungwa Majengo. Na lile koti, kwa kuwa halikumwenea binadamu yeyote, Baba alimvalisha aliyeshonewa. Jioni, kazi ikiisha, alimvika Pwemori koti lake, vifungo mpaka juu, mikono ikining'inia. Na asubuhi Baba hakuruhusu mtu kuwasha trekta bila kumvua kwanza, na hukuweza kumvua bila kumtikisa. Hivyo vibarua, ambao kwa miaka walisahau, hawakusahau tena. Wapo waliomwambia shikamoo. Nilifurahi kwamba hatimaye watu wengine nao wamefunzwa adabu.

Sasa sikiliza ninachotaka ukitunze. Manivela usiitafute, wala koti. Vilikwenda na miaka. Yule anayesema matangani kwamba mkono ulivunjika, mwambie kwamba mkono ule ulishona nguo zetu zote mpaka macho yalipokataa, na kwamba ulishika nyumba. Tunza dole gumba lako. Siku ukikuta mashine ya zamani inayozungushwa kwa mkono, uwe umeolewa au hujaolewa, uliza kwanza kama gia imeachwa huru, simama pembeni, vuta juu, na usikumbatie chuma ambacho hujui kitageukia wapi. Ukiambiwa neno na anayejua, usiseme “nasikia” kabla hujasikia.

Na haya uliyoandika, ukiyasoma kwa wenzako, utatamani kuyanyoosha. Yangu nyoosha, kama utapata palipopinda. Ya Mama hayana cha kunyooshwa. Lakini pale baba yangu aliposema “iko,” usiguse. Najua si sawa. Nilinyimwa chakula kwa sababu yake. Iache. Angesema “ipo” siku zile, shangazi yangu angeolewa na mtu asiyejua jina lake.